Mhudumu wa Mapokezi, Kariakoo

Mtunza kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya bahari mlimani Kilimanjaro, anasumbuliwa na baridi. Mwenzake katika kupokea wageni, mhudumu wa gesti ya Kariakoo, ana joto la Desemba, feni moja, na wageni kutoka Lubumbashi, Lusaka na Moroni.

Daftari lake huuliza jina, kabila, atokako na aendako. Kazi yenyewe haimo humo: kulinda marobota ya vitenge chini ya ngazi, kumwelekeza mgeni Mtaa wa Congo, kumgongea mlango alfajiri asiachwe na basi kule Mbezi Luis. Na kunyamaza, maana anajua nani kalala na fedha taslimu.

Beda Amuli, msanifu wa jengo la Soko la Kariakoo lililofunguliwa 1975, anakumbukwa, na ni haki yake. Mhudumu hana hata kibao. Ukirudisha ufunguo, mwachie chochote.