Sifa za Fundi wa Modemu ya Redio

Modemu ya redio hugeuza herufi kuwa milio ambayo redio inaweza kuirusha, na upande wa pili milio hiyo ikarudi kuwa herufi. Anayeipanga na kuitafutia ugonjwa wake, hapa Kisangani, huitwa fundi wa foni, basi. Watu humkumbuka siku ujumbe usipofika. Mimi namhesabu miongoni mwa mafundi hodari kuliko wote tulio nao.

Jimbo letu la Tshopo lina karibu kilomita za mraba 200,000, na sehemu kubwa ni msitu. Opala, Bafwasende, Ubundu: parokia na vituo vya afya vya huko vimeishi kwa foni, yaani redio ya mawimbi mafupi, miaka mingi. Mawimbi mafupi, yaani kati ya megahezi 3 na 30, hayahitaji mnara. Antena ikitandazwa chini chini, wimbi hupanda karibu wima hadi ionosfia, kisha hushuka kama mvua juu ya mamia ya kilomita. Lakini anga nalo lina tabia zake. Masafa yaliyofaa adhuhuri yatakutupa usiku, na sisi tulio karibu kabisa na ikweta huona jua likichwa tu mawimbi yanaanza kutetemeka. Juu ya hayo kuna radi, ambazo katika bonde la Kongo ni nyingi mno. Fundi hukaa kwanza akasikiliza kelele hizo kabla hajagusa kitu.

Modemu ikigoma, fundi mbovu hukimbilia kompyuta. Fundi mzuri huanza na betri. Redio ya wati 100 inaporusha huvuta ampea kama 20, na waya mwembamba haubebi mzigo huo. Redio ikiwa kimya, multimeta inasoma volti 12.6; ikianza kurusha, namba inaporomoka hadi 10 na modemu inazimika katikati ya sentensi. Aliyepima redio ikiwa kimya ataapa kwamba umeme ni mzima. Baada ya betri ni antena: kwa megahezi 7, mita 10 hivi kila upande. Chini ya utepe uliofungwa vizuri kabisa, maji yameingia kwenye plagi, shaba imeota kutu ya kijani, na nguvu inarudi redioni badala ya kwenda Opala.

Ndipo zamu ya mlio wenyewe. Wengi huuongeza wakidhani utafika mbali zaidi, kumbe ukizidi redio huuvuruga na anayepokea haambulii hata herufi moja. Fundi huupunguza kidogo kidogo. Kompyuta na modemu zisipokubaliana kasi, kioo hujaa alama zisizosomeka. Hilo ni kosa jepesi, linajitangaza lenyewe. Katika yote hayo anabadilisha kitu kimoja, anajaribu, anaandika daftarini. Anayebadilisha vitatu kwa mpigo hatajua ni kipi kilichoponya.

Mwaka 1991 wapenzi wa redio wa Ujerumani walitoa mtindo wa modemu kutumiana ujumbe, uitwao PACTOR. Ujumbe hukatwa vipande. Kila kipande hungoja jibu, na kilichoharibika hutumwa tena. Kinachonistaajabisha ni kwamba kilichoharibika hakitupwi. Modemu hujumlisha nakala mbili tatu mbovu ikapata moja nzima.

Walokele wa mto wetu wa Kongo waliijua siri ya kurudia tangu zamani. Ngoma yao ya gogo ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na majina mengi hulingana. Kwa hiyo mpigaji hakutaja mwezi peke yake, alitaja mwezi unaoitazama dunia kutoka juu, na kuku akamwongezea mlio wake. Urefu huo ndio uliouvusha ujumbe. John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Yakusu, chini kidogo ya Kisangani, aliyaandika hayo katika kitabu cha mwaka 1949. Mwaka mmoja kabla, huko Marekani, Claude Shannon alikuwa amechapisha hesabu za jinsi ujumbe unavyopita katika kelele. Nasema bila kusita kwamba Walokele walistahili kutajwa pamoja naye.

Setilaiti zinakuja, na zije. Ila foni haidai malipo ya kila mwezi, na ikiharibika inatengenezwa hapahapa, na mtu wa hapahapa. Wenye shule za ufundi wa Kisangani, waiteni mafundi hawa wafundishe vijana wakiwa bado na nguvu ya kupanda mti na waya begani.