Herufi za Grafu na Kipimo Chake

Grafu nyingi nzuri huharibiwa na herufi zake. Data ni sahihi, rangi zimechaguliwa vyema, lakini maandishi ama yanapiga kelele ama hayasomeki. Mfano unaofundisha kuliko yote uko kwenye ggplot2, programu aliyoiasisi Hadley Wickham kwa watumiaji wa lugha ya R. Ukiandika 12 kwa maandishi ya mihimili, kisha ukaandika 12 hiyohiyo kwa majina yanayokaa juu ya data, ya mihimili yatatulia na ya kwenye data yatavimba karibu mara tatu. Wengi hudhani programu ina kasoro. Haina. Ya kwanza huhesabiwa kwa pointi, kipimo cha wapiga chapa. Ya pili kwa milimita. Inchi moja ina pointi 72.27 kwa hesabu ya wapiga chapa wa Marekani (watu wa kompyuta baadaye waliifanya 72 kamili), hivyo milimita moja ni takriban pointi 2.845, na ile 12 ya pili ni pointi 34. Hata 3.88, saizi ambayo programu hutumia usipotaja yako, haikuokotwa tu. Ibadilishe kuwa pointi, utapata 11, ambayo ndiyo saizi ya msingi ya grafu nzima.

Mtu atauliza: kwa nini kisitumike kipimo kimoja? Swali ni la haki, na tangu toleo la 3.5.0 la mwaka 2024 mtumiaji anaweza kuagiza pointi hata kwa maandishi ya kwenye data. Hata hivyo, milimita ilikuwa na sababu yake. Vidoti hupimwa kwa milimita pia, kwa hiyo jina la mji na kidoti chake huingia kwenye hesabu moja.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema kwamba siku hizi tunasoma kwenye skrini, basi mchoraji atazame tu na kurekebisha mpaka aridhike. Tatizo ni kwamba jicho lake linaridhika na dirisha lililo mbele yake, na msomaji hatalitumia dirisha hilo. Kwenye Matplotlib, programu nyingine ya kuchorea grafu, herufi za pointi 10 huchukua takriban pikseli 14 picha ikiwa na doti 100 kwa inchi. Zikiwa 300, pikseli hufika karibu 42, ilhali kwenye karatasi herufi ni zilezile. Kinachozibadilisha ni kuipunguza picha baada ya kuichora. Grafu ya ggplot2 yenye upana wa inchi 7 huwa na namba za mihimili za pointi 8.8 usipozibadilisha; ibane kwenye safu ya jarida yenye inchi 3.5, zinabaki 4.4, na msomaji aliyevuka miaka hamsini amekwisha kuachwa nje. Fundi anayemjali huuliza kwanza grafu itakaa wapi, akaichora kwa inchi 3.5 tangu mwanzo, na pointi 8 alizoandika zikafika kwa msomaji zikiwa 8.