Kitabu cha Mavi, Nimekimalizia Wema

Kuna vitabu ambavyo ukivisoma kwenye matatu unaficha jalada ili jirani asianze maswali. Dance of the Dung Beetles ni kimojawapo. Kimeandikwa na Marcus Byrne na Helen Lunn, kikatolewa na Wits University Press ya Johannesburg mwaka 2019, na ndiyo, ni kitabu kizima kuhusu mbawakawa wa mavi. Nilikianza Nairobi, nikakimalizia Wema, karibu na Garsen, kwa kina mama yangu. Bila safari hiyo ningekisifu tu na kunyamaza.

Byrne ni mtaalamu wa wadudu wa Chuo Kikuu cha Wits, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameitumia akiwafuata hawa wadudu. Pengine umewahi kusikia habari zake bila kumjua. Mbawakawa akishafinyanga tonge lake la mavi, lazima atoke pale kwenye fungu mbio, kwa mstari ulionyooka. Akizunguka akarudi alikotoka, wenzake watamnyang'anya. (Ukiwahi kubeba simu mpya River Road, utamwelewa.) Sasa usiku anaijuaje njia? Byrne na wenzake, Marie Dacke, Emily Baird, Clarke Scholtz na Eric Warrant, waliwavalisha vikofia vya karatasi ngumu ili wasione juu, na njia ikawapotea kabisa. Wakawapeleka kwenye jumba la kuonyeshea nyota Johannesburg, wakawawashia ule mkanda mweupe wa nyota unaokata anga, huo peke yake. Mbawakawa wakanyoosha njia. Matokeo yalichapishwa 2013, na mwaka huo huo wakapewa Ig Nobel, ile tuzo ya utafiti unaokuchekesha kwanza halafu unakufikirisha.

Kitabu kinaanza mbali zaidi ya hapo. Kinaanza kwa Wamisri wa kale na Khepri, mungu wao aliyelisukuma jua kama mbawakawa anavyosukuma tonge, kisha kinaingia Ulaya, kwa wale waliokuwa wakikusanya wadudu na kuwapachika majina ya Kilatini. Hapo nilisinzia mara mbili. Si kwamba historia hiyo haina maana, ila wanaume wenye visanduku na pini wanafuatana mpaka unashindwa kukumbuka nani alikuwa nani.

Utamu unarudi Australia. Waingereza walipeleka ng'ombe kule mwaka 1788, lakini mbawakawa wa huko walikuwa wamezoea vinyesi vidogo vikavu vya kangaruu. Mavi ya ng'ombe hawakuyaweza. Yakabaki juu ya malisho, yakakauka, nyasi hazikuota chini yake, na nzi wakazaliana humo kwa wingi wa kutisha. George Bornemissza, Mhungaria aliyehamia kule mwishoni mwa 1950, alilitazama tatizo hilo kwa jicho la mgeni akaona kinachokosekana ni mfanyakazi. Kuanzia miaka ya 1960 shirika la utafiti la serikali ya Australia, CSIRO, likachukua mbawakawa ng'ambo, wengi wao wakitoka Afrika, kupitia kituo cha Pretoria, na likaanza kuwaachilia malishoni kule.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kidogo. Hawa mbawakawa ufundi wao waliupatia wapi? Kwa nyati na tembo, sawa. Huko Tsavo, si mbali sana na Tana, J. M. Anderson na M. J. Coe waliandika mwaka 1974 kuhusu mbawakawa 16,000 waliovamia fungu moja la mavi ya tembo la kilo moja na nusu. Baada ya saa mbili lilikuwa limekwisha. Lakini kuna ng'ombe pia, na ng'ombe hawajichungi. Kwa maelfu ya miaka kuna watu wa bara hili waliokuwa wakiamka alfajiri kuwapeleka majini. Katika simulizi hii mbawakawa ana sifa, mwanasayansi ana jina, na mchungaji anapita nyuma ya jukwaa akiwa amebeba fimbo.

Wema jambo hilo haliwezekani. Ni kijiji cha Wapokomo kando ya mto, watu wa mpunga, mahindi, migomba na miembe. Kiangazi kikikaza, Waorma hushuka na mifugo kutafuta maji kupitia malka, zile njia za kuwafikisha ng'ombe mtoni. Asubuhi mjomba wangu akikuta mavi shambani haoni rutuba kwanza. Anainama, anayageuza kwa ncha ya jembe, anasoma. Bado yana unyevu? Basi wamepita alfajiri. Kwato zimeelekea wapi? Walikuwa wangapi? Ni ushahidi, bana. Na mbawakawa wakimtangulia, anakuta vumbi na vitundu tu, kesi imezikwa.

Nilimsimulia habari ya nyota. Alisikiliza yote, hata vile vikofia, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Na ng'ombe walikuwa wa nani, mwanangu?"

Nikamwambia, "Mjomba, hawakuandika."

Usimcheke. Agosti 2012 zaidi ya watu 50 waliuawa Riketa kwa siku moja, na hadi mwanzoni mwa 2013 vifo katika delta hii vilikuwa vimepita 100, Wapokomo na Waorma. Siasa ilikuwamo, na ardhi, na mipaka, sitaki kuyapunguza hayo. Ila ugomvi wa kila siku, ule unaowakutanisha watu kwa chifu, huanza na mnyama aliyeonekana mahali asipotakiwa. Ukiandika kuhusu mavi hapa bila mwenye ng'ombe, umeandika nusu.

Na kuandika yote inawezekana. David Mbora, mwanaekolojia Mkenya, kwa miaka mingi amefanya utafiti kwenye vipande vya misitu ya Mto Tana, nyumbani kwa mbega wekundu na ngolaga ambao hawapatikani kwingine duniani. Naye kazi yake ilimpeleka kwenye kinyesi: alichunguza vimelea vilivyomo kwenye mavi ya hao nyani. Makala yake ya 2009, na Mark McPeek, inataja shughuli za binadamu tangu kichwani, bega kwa bega na msongamano wa wanyama. Haina nyota wala mzaha, na lugha yake ni kavu kama ripoti yoyote. Lakini anayekata mti yumo ndani ya hesabu. Ningetamani ucheshi wa Byrne na Lunn ukutane na ukaidi huo.

Maana bado kuna jambo la kuandikiwa. Dawa ya minyoo iitwayo ivermektini, ng'ombe akipewa, masalia yake hutoka na mavi na kuwaua mabuu ya mbawakawa. Mfugaji anainunua kwa sababu ndama wake anakonda, na hakuna wa kumlaumu. Mkulima hajui kwamba dozi iliyotolewa ng'ambo ya malka inaweza kumpunguzia vibarua wanaofukia samadi shambani kwake bure. Sura hiyo haitaki mwanasayansi mwenye kofia. Inataka mtu wa kuketi na pande zote mbili, na aiandike kwa lugha ambayo mjomba ataisoma bila mimi kumtafsiria.

Mpaka hapo, kitafute kitabu. Wakati nasafiri kurudi nilikuwa nimekiacha kwa mjomba, kimekunjwa kwenye ukurasa wenye picha. Wewe anzia Australia, halafu rudi Misri. Zile kurasa za visanduku na pini unaweza kuzipitia haraka haraka kwenye foleni ya Thika Road.