Aliyevunjiwa Heshima Ni Nani?

Mwanzoni mwa mwaka 2017 maombi mawili yalifikishwa kwa Bunge la Uingereza, nayo yalishangiliwa na kulaaniwa zaidi kuliko yalivyosomwa. La kwanza lilitaka Rais Donald Trump wa Marekani asialikwe kwa ziara ya kitaifa, likapata sahihi zaidi ya 1,800,000. La pili lilitaka aalikwe, likapata zaidi ya 300,000. Wabunge wakayajadili yote mawili tarehe 20 Februari katika ukumbi wa Westminster. Sisi hapa twataka kuyatazama maneno yenyewe, kwani mwenye kutia sahihi chini ya maneno huwa ameyatolea ushahidi, na ushahidi katika dini yetu ni amana nzito.

Ombi la kwanza halikusema kwamba Trump asitie mguu Uingereza. Lilikubali aingie kwa cheo chake cha mkuu wa serikali. Lililokataa ni ziara ya kitaifa, yaani mapokezi ya Malkia, gwaride na karamu ya kasri, na sababu lililotoa ni kuwa jambo hilo litamtia Malkia Elizabeth katika fedheha. Likaongeza kuwa dharau yake kwa wanawake na utovu wake wa adabu vyamwondolea sifa ya kupokewa na Malkia au na mwanawe. Basi. Yemen haimo, Somalia haimo, wala mkimbizi wa Sham hakutajwa.

Sasa tutazame tarehe. Ombi hilo liliandikwa Novemba 2016, na kwa muda wa miezi miwili watu wachache ndio waliolijali. Tarehe 27 Januari 2017 Waziri Mkuu Theresa May, akiwa Washington, alitangaza kuwa Malkia amemwalika Trump. Siku hiyo hiyo Trump akatia sahihi amri ya kuwafungia mlango kwa siku 90 watu wa nchi saba: Iran, Iraq, Libya, Somalia, Sudan, Syria na Yemen. Wakimbizi wote wakasimamishwa siku 120, na wale wa Syria bila ya kutajiwa mwisho. Watu wenye viza halali wakazuiliwa viwanja vya ndege. Hapo ndipo sahihi zilipomiminika, zikapita milioni moja katika siku chache tu.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji ramani ya kutuonyesha Yemen. Ni nyumba ngapi za Lamu, Mombasa na Unguja zenye ami au binamu Tarim, Seiyun au Shihr? Na Barawa je, si watu wetu, wenye lugha ndugu na yetu? Kwa hiyo hasira ya wale waliotia sahihi twaielewa, na wengi wao hawakuwa Waislamu. Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Lakini hasira yao ilikuwa na sababu moja na karatasi yao ilisema nyingine. Mtu amekasirika kwa ajili ya mama aliyezuiliwa uwanjani na mtoto wake, kisha akatia sahihi ya kumkinga Malkia na aibu. Mwenye kasri akawa ndiye aliyedhulumiwa!

Atasema mtu: ule ndio mlango uliokuwa wazi. Ombi likipata sahihi 10,000 serikali hulijibu, likipata 100,000 hufikiriwa kujadiliwa. Kwa nini kuanza jipya? Hoja hiyo ina nguvu yake. Ila jawabu hufuata suali. Tarehe 14 Februari serikali ilijibu kwamba Rais wa Marekani anastahiki heshima kamili ya ziara ya kitaifa. Iliulizwa habari za heshima, ikajibu habari za heshima, na haikulazimika kutamka neno moja juu ya nchi saba.

Lilikuwako ombi jingine kabla ya hayo, lililojadiliwa tarehe 18 Januari 2016 na kutiwa sahihi zaidi ya 570,000. Hilo lilizuka baada ya Trump, Desemba 2015, kutaka Waislamu wote wazuiwe kuingia Marekani. Angalau lilitaja kosa lenyewe, yaani maneno ya chuki. Bahati mbaya dawa yake ilikuwa ile ile ya mgonjwa: naye afungiwe mlango.

Ama ombi la waliomtaka, hoja yake ni dhaifu zaidi. Lilisema kuwa yeye ni kiongozi wa ulimwengu huru, na kuwa nchi yenye uhuru wa kusema haimzibi mtu kinywa. Ni nani aliyemziba? Karamu si mimbari. Wako pia waliokumbusha kwamba Malkia alikwisha wapokea Mobutu, mwaka 1973, na Ceaușescu, 1978. Hiyo ni kukiri, wala si kutetea.

Aliyepambanua vizuri ni Spika wa Bunge, John Bercow. Tarehe 6 Februari alisema kuwa kuhutubia Bunge si haki ya kila mgeni, ni heshima inayochumwa, na akataja msimamo wa Bunge dhidi ya ubaguzi wa rangi. Wako ndugu zetu waliouona msimamo kama huo kuwa ni kumvunjia mgeni heshima. Hawa tungewakumbusha ujumbe wa Wakristo wa Najran. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwapokea msikitini kwake Madina, wakahojiana, wakaandikiana mkataba. Walipokewa kwa adabu, lakini kumpokea mtu ni jambo moja na kumtukuza ni jingine.

Trump alikuja kwa kazi Julai 2018, na kwa ziara ya kitaifa Juni 2019. Amri yake ya kuzuia watu, katika sura yake ya tatu, ilikubaliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2018, ikafutwa na Rais Biden Januari 2021. Juni 2025 Trump, aliyerudi madarakani, akatoa nyingine, na Somalia na Yemen zimo. Septemba mwaka huo huo akapokewa Windsor na Mfalme Charles kwa ziara ya kitaifa ya pili. Malkia aliyekingwa na ile karatasi alikuwa amefariki tangu 2022.