Kalamu ya Mtaalamu wa Tiba Kazi

Wataalamu wa tiba kazi husifiwa kwa mikono yao. Mimi nataka kuisifu kalamu yao.

Kazi ya kalamu hiyo huanza kwa swali: ni jambo gani ungependa kulifanya ambalo sasa linakushinda? Isiolo, kaunti ya kaskazini mwa Kenya, majibu hayafanani. Mwanamke anayeuza maziwa ya ngamia, yale yanayopakiwa basini kwenda Eastleigh, Nairobi, atataka kuinua tena mtungi wa lita 20. Mfugaji wa Oldonyiro atataka kukama, na kuinama apite mlango mfupi wa nyumba yake. Mzee wa Bulla Pesa aliyepata kiharusi atataka kutawadha na kusujudu bila kushikwa.

Ili majibu kama hayo yapimwe, mwaka 1991 Mary Law na wenzake wa Kanada walichapisha kipimo kiitwacho Canadian Occupational Performance Measure. Mgonjwa hutaja shughuli zinazomlemea, huchagua zisizozidi tano, kisha kila moja huipa alama mbili, kati ya 1 na 10: naifanya vizuri kiasi gani, na nimeridhika kiasi gani. Baada ya muda wa tiba huulizwa tena. Alama zikipanda kwa 2 au zaidi, huhesabiwa kuwa nafuu yenye uzito. Asiyejua kusoma anaweza kuonyeshwa vidole kumi vya anayemuuliza, na kuulizwa kwa Kiborana, Kisomali au Kiturkana. Hilo nalo ni ufundi, maana mkalimani akiwa mwanawe, huwa na hamu ya kujibu kwa niaba yake.

Lakini kuandika alama hizo kwenye faili ni mwanzo tu. Faili lazima isomwe. Tuseme alama ya yule mzee ya kusujudu imetoka 3 hadi 7, na ya kuridhika imeganda kwenye 2. Mtaalamu mvivu atafurahia ile 7. Fundi wa kweli ataishika ile 2 na kuuliza. Huenda akaambiwa kwamba mzee anasujudu nyumbani, ilhali alichokitamani ni safu ya msikitini. Basi mazoezi ya kufinya mpira yawekwe kando. Sasa kazi ni kuvua viatu mlangoni, kukaa kwenye kigoda cha kutawadhia na kuinuka katikati ya watu. Namba ndogo ndiyo iliyoonyesha njia.

Kuna pia kipimo cha Barthel, cha mwaka 1965 kutoka Maryland, Marekani: vipengele 10, jumla alama 100. Kimoja huuliza kuhusu kupanda ngazi. Manyatta haina ngazi, na ule mlango mfupi haumo kwenye fomu. Sisemi kitupwe, husaidia kujua nani anahitaji kulishwa au kuogeshwa. Ila kisiachwe peke yake kumsemea mtu wa Isiolo.

Kenya ilitunga sheria ya mafunzo, usajili na leseni za wataalamu wa tiba kazi mwaka 2017. Leseni hutuambia nani anaruhusiwa kutibu. Kama tiba inamfaa mgonjwa, tutalijua kwa faili yake. Anayetoka Merti husafiri zaidi ya kilomita 200 kufika Isiolo mjini, kwa nauli ambayo pengine imetoka kwenye mbuzi aliyeuzwa. Kumrudisha kwa zoezi lisilomsaidia ni dhuluma.

Kwa hiyo, ukimpeleka mzazi wako kwa tiba kazi, omba alama za siku ya kwanza ziandikwe, na hakikisha anaulizwa yeye, si wewe uliyemsindikiza.