Kitunguu Ndani ya Parachichi

Katika filamu ya Enough Said, iliyotoka Marekani Septemba 2013, tunasimuliwa habari za mwanamume ambaye hapendi kitunguu. Akiwekewa parachichi lililopondwa na kuchanganywa na vipande vya kitunguu, huchukua chipsi ya mahindi, akavisukuma vile vipande pembeni kimoja kimoja, kisha akachota kilichobaki. Basi. Hakuna aliyeumia wala aliyeibiwa. Lakini mwanamke aliyewahi kuwa mkewe anakieleza kitendo hicho kana kwamba anatoa ushahidi mahakamani, na Nicole Holofcener, aliyeiandika filamu na kuiongoza mwenyewe, amekitundikia kitunguu hicho sehemu kubwa ya hadithi yake.

Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu hapa: ufundi wa kuandika komedi ya mapenzi ya watu wazima. Nadhani hakuna kazi ngumu kuliko hiyo katika uandishi wa filamu, na nadhani Holofcener anaijua kuliko wengi wanaolipwa zaidi yake.

Mapenzi ya vijana yana vizuizi vinavyoonekana kwa macho. Kuna baba mkali, kuna tofauti ya mali, kuna mchumba mwingine mwenye gari, kuna ujumbe uliochelewa kufika. Mwandishi anaweka kizuizi, anakiondoa, watu wanapiga makofi. Watu wa miaka hamsini hawana vizuizi vya namna hiyo. Kodi ya nyumba wanalipa wenyewe, na hakuna wa kuwauliza jana walirudi saa ngapi. Kinachowazuia kimo ndani yao: wameona mengi. Waliwahi kuoa na kuolewa, wakaachana, na wanajua jinsi kicheko kilichopendeza mwezi wa kwanza kinavyokuwa kero mwaka wa kumi. Mwandishi anayetaka kuchekesha kwa watu kama hao hana budi kuandika juu ya kumbukumbu, na kumbukumbu haipigiki picha. Lazima itafutiwe kitu kidogo cha kuibeba, kitu kinachoweza kuwekwa mezani mbele ya kamera.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kueleza. Eva, anayeigizwa na Julia Louis-Dreyfus, anafanya kazi ya masaji mjini Los Angeles. Huwafuata wateja majumbani, amebeba meza yake ya kukunja. Ameachana na mumewe siku nyingi, na binti yao anajiandaa kwenda chuo mbali na nyumbani. Katika sherehe moja anakutana na watu wawili kwa nyakati tofauti. Mmoja ni Marianne, mshairi mwenye nyumba nzuri, anayeigizwa na Catherine Keener. Mwingine ni Albert, mwanamume mnene, mpole na mcheshi, anayefanya kazi katika maktaba ya kuhifadhi vipindi vya zamani vya televisheni. Huyu ni James Gandolfini. Marianne anakuwa mteja, halafu anakuwa shoga. Albert anakuwa mpenzi. Eva hajui kwamba hao wawili walikuwa mke na mume.

Anapokuja kujua, ananyamaza. Kwa Albert anaendelea kupata mapenzi, na kwa Marianne anaendelea kupata habari za Albert.

Wahenga wetu walishamaliza: akili za kuambiwa, changanya na zako. Eva anafanya kinyume. Za kwake anaziweka kando, anatumia za kuambiwa peke yake, na anafanya hivyo kwa sababu inayoeleweka kabisa. Ndoa yake ya kwanza ilimshinda. Anaogopa kuingia katika ya pili gizani. Nani kati ya walioachika asiyetamani kupata mtu wa kumwambia mapema kila kasoro ya huyu mpya, ajue pa kukimbilia kabla hajaumia? Filamu inamtimizia matakwa hayo. Inampa taarifa kamili, kutoka kwa aliyekaa na mtu huyo ndani ya nyumba moja miaka kadhaa. Kisha inatuonyesha taarifa hiyo ikimharibia macho.

Kisa cha mtu kuficha jambo wakati watazamaji wanalijua ni cha zamani sana katika komedi. Mikononi mwa mwandishi mvivu kingekuwa mbio za kuingia mlango huu na kutokea ule. Holofcener anatupa kidogo cha hayo, yuko Eva akijificha bustanini asionekane, na tunacheka. Lakini hakai hapo. Anachotaka ni kutuonyesha kitu kilekile mara mbili. Albert ana jino limetoka, na mwanzoni tunacheka naye kuhusu pengo hilo. Nyumbani kwake chumbani hakuna meza ndogo za kando ya kitanda, na mwanzoni hilo ni jambo la mwanamume anayeishi peke yake, linamfanya apendeze. Hawezi kunong'ona; sauti yake ni nzito, na akijaribu kunong'ona ukumbi mzima unamsikia. Mwanzoni ni kichekesho. Halafu Marianne anasema. Kuanzia hapo mambo yaleyale yanaanza kumkera Eva, na yanatukera na sisi kidogo, na hilo ndilo linalotufanya tuone aibu tukiwa tumekaa pale kwenye viti vyetu. Albert hajabadilika hata kidogo.

Kwa kazi hiyo mhariri wa filamu, Robert Frazen, hakuhitaji muziki wa kutisha wala picha za karibu karibu. Anamwacha Louis-Dreyfus atazame. Mama huyu alijulikana duniani kwa vichekesho vya Seinfeld miaka ya 1989 hadi 1998, na uso wake una uwezo wa ajabu: unaweza kucheka upande mmoja na kuhesabu kasoro upande mwingine. Katika filamu hii tabasamu lake linachelewa kufika, mara kwa mara, kwa muda mfupi mno. Ukikodoa macho unaliona likichelewa.

Onyesho ninalolirudia zaidi ni la chakula cha usiku. Eva na Albert wamealikwa na Sarah, rafiki wa Eva, na mumewe Will. Eva anakunywa divai, anazidisha, na anaanza kumtania Albert kuhusu unene wake. Anasema atamnunulia kitabu cha kuhesabu nguvu za chakula. Mara ya kwanza watu mezani wanacheka. Mara ya pili wanacheka kwa adabu. Mara ya tatu wanatazama sahani zao. Gandolfini hafanyi makubwa. Anabaki amekaa, mwili wake mkubwa ukionekana kutafuta namna ya kuchukua nafasi ndogo zaidi kwenye kiti. Wakiwa garini, anamwuliza Eva kwa nini anajisikia kama ametoka kukaa jioni nzima na aliyekuwa mkewe.

Hapo ndipo ningemwita kila kijana anayejifunza kuandika filamu aje aketi. Albert anasema neno la mtu aliyeumia, neno la kutafuta mfano tu. Hajui kwamba amegonga ukweli wenyewe. Eva anajua, na sisi tunajua. Sentensi moja inamwumiza msemaji kwa namna moja, inamwumiza msikilizaji kwa namna nyingine, na sisi tunaobaki nje tunapata uchungu wa wote wawili, tena ndani ya komedi, muda mfupi baada ya kucheka. Haina neno gumu wala methali. Fundi aliyeiandika alijua tu ni lini aiweke, na aliwatayarisha watazamaji kwa saa nzima ili wawe na sikio la kuipokea.

Wakati filamu hii inaingia kwenye majumba ya sinema, Gandolfini alikuwa ameshafariki. Alifia Rome, tarehe 19 Juni 2013, akiwa na umri wa miaka 51. Filamu ilitoka Marekani tarehe 18 Septemba, siku ambayo angetimiza miaka 52, na imewekewa maneno mafupi ya kumkumbuka kwa jina la Jim. Wengi walimjua kama Tony Soprano, jambazi wa televisheni wa mwaka 1999 hadi 2007, mtu ambaye akiingia chumbani wengine hupunguza sauti. Ni kweli kwamba msiba ule uliwafanya watu waitazame filamu kwa moyo uliolainika. Lakini ningependa sifa zake zisitegemee huruma hiyo. Mwondolee mtu huyu kifo chake na bado utabaki na kazi ya hali ya juu. Mwili uleule uliokuwa wa kutisha, hapa ni mwili wa mtu anayejua kwamba watu wanautazama na kuuhukumu. Pumzi zake ni nzito, macho ni ya mtoto, na akifurahi anafurahi mpaka mabegani. Siku Eva anapogunduliwa, Albert hapigi kelele. Anasema moyo wake umevunjika, na kwamba umri wake haumruhusu tena mambo hayo. Kijana wa miaka ishirini hawezi kusema hivyo. Yeye bado ana miaka ya kuvunjika na kuungwa.

Holofcener hakufika hapa kwa bahati. Katika ujana wake alikuwa msaidizi mwanafunzi katika chumba cha uhariri wa Hannah and Her Sisters, filamu ya mwaka 1986, na filamu yake ndefu ya kwanza, Walking and Talking, ilitoka mwaka 1996. Keener yumo katika filamu zake zote tano za mwanzo. Ukifanya kazi na mwigizaji mmoja muda wote huo, unajifunza kumwandikia kimya chake. Ndiyo maana Marianne si mhalifu. Ni mwanamke mwenye akili na ladha, mwenye bustani nzuri na marafiki wachache, na ukimsikiliza vizuri unagundua kwamba malalamiko yake juu ya Albert ni namna yake ya kuwa mpweke.

Nyumba yake nayo ni sehemu ya ufundi. Katika Something's Gotta Give ya mwaka 2003, ambapo Nancy Meyers alimpa Diane Keaton na Jack Nicholson mapenzi ya uzeeni kando ya bahari, nyumba ni nzuri hivi kwamba mtazamaji anatoka akiliota jiko lake. Ni filamu ninayoiheshimu, Keaton ameicheza kwa moyo wote, lakini uzuri ule unayafanya mapenzi yaonekane kuwa zawadi ya wenye nacho. Holofcener anampa uzuri Marianne peke yake, na anautumia kama chambo: Eva anaamini kwamba mwanamke aliyepanga nyumba yake vizuri hivyo lazima awe amempima mumewe vizuri pia.

Kuna mahali filamu inapwaya. Sarah ana mfanyakazi wa ndani ambaye hapendezwi naye na anashindwa kumwachisha kazi, na mambo hayo yanapita kama mzaha mwembamba. Mfanyakazi huyo hapewi nafasi ya kuwa mtu. Sisi ambao nyumba zetu nyingi zina wasichana wa kazi tunaliona pengo hilo haraka, na linaudhi zaidi kwa kuwa mwandishi huyuhuyu anajua kumtazama kila mtu mwingine.

Maana anajua kweli. Mfikirie yule mteja wa Eva, kijana mwenye afya, anayesimama juu ya ngazi ndefu akimtazama mwanamke wa makamo akipandisha meza nzito, asimpe mkono, siku nenda siku rudi. Ni kichekesho kidogo kinachojirudia. Halafu siku moja anamsaidia, na unashangaa jinsi kifua chako kinavyolegea kwa jambo dogo kama hilo. Au mfikirie Chloe, rafiki wa binti wa Eva, ambaye Eva anamkaribisha nyumbani kupita kiasi, mpaka binti mwenyewe anaanza kuona wivu. Hakuna anayetueleza kwamba mama huyu anaogopa nyumba tupu. Tunaona tu vyombo viwili vya chakula vikiwekwa kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine. Albert naye ana binti anayeondoka. Wawili hao wanapendana katika msimu ambao kila mmoja anakaribia kubaki peke yake, na filamu inaheshimu hofu hiyo bila kuitaja.

Yote hayo yamefanyika ndani ya dakika 93, kwa bajeti ya takriban dola milioni 8, ambayo kwa Hollywood ni fedha ndogo. Iliingiza zaidi ya dola milioni 25. Watu waliilipia.

Mwisho wake siusimulii wote. Miezi imepita, Eva anapita na gari karibu na nyumba ya Albert, na wanaishia kukaa barazani. Hawaahidiani chochote. Albert anamwambia tu kwamba sasa ana zile meza za kando ya kitanda. Ukipenda boga, penda na ua lake, tumezoea kumwambia anayependa. Filamu hii imeongeza upande wa pili: na boga nalo, kwa hiari yake, limekwenda dukani.

Huku kwetu watu wa miaka hamsini wanaoana kila mwaka. Wajane wanaposwa, waliotalikiana wanajaribu tena, watoto wakubwa wananuna na kisha wanazoea, na mashoga wanaleta habari za mume mtarajiwa ambazo hawakuulizwa. Lakini katika tamthilia nyingi watu hao hupewa kazi moja tu, ya kuyazuia mapenzi ya watoto wao. Waandishi wetu, mnao mafundi wa kuigiza wenye umri huo, na wana nyuso ambazo hazijapewa maneno ya kutosha. Waandikieni. Anzeni na jambo dogo analolifanya mtu akiwa mezani.