Istilahi za Dira ya Sumaku: Makosa Manne kwa Jina Moja

Neno "dira" limekwisha kukomaa vinywani mwa mabaharia wa pwani yetu, wala halihitaji kutafutiwa badala. Taabu humwanza mfasiri pale anapoliacha jina la kifaa na kuingia katika maelezo ya utendaji wake. Hivi karibuni tumeisoma rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa unahodha, iliyokusudiwa kwa wanafunzi wa kazi za bahari. Lugha yake ni nyofu na sentensi zake hazichoshi. Kwa hayo mfasiri anastahili pongezi. Hata hivyo, sura inayohusu dira imetutia wasiwasi, nasi twaona ni wajibu kueleza sababu.

Katika sura hiyo maneno "kosa la dira" yametumika kwa mambo manne ambayo asili yake ni mbalimbali na dawa yake ni mbalimbali. Tuyatazame moja moja.

La kwanza latokana na dunia yenyewe. Ncha ya sumaku ya dunia haiko mahali pamoja na ncha ya kijiografia. Kwa hiyo sindano haielekei kaskazini halisi, ila kaskazini ya sumaku. Tofauti hiyo hubadilika kutoka mahali hadi mahali, na hata mahali pamoja hubadilika mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana ramani za bahari huonyesha kiasi chake pamoja na mwaka wa kipimo na badiliko la kila mwaka. Kosa hili halitibiki. Nahodha hulisoma katika ramani na kulihesabu.

La pili latokana na chuma cha chombo. Matthew Flinders, alipokuwa akipima pwani za Australia kati ya 1801 na 1803, alitambua kwamba usomaji wa dira ulibadilika kadiri omo ya merikebu yake ilivyogeuka. Nondo ya chuma isimamishwayo karibu na dira hadi leo yaitwa kwa jina lake. Mwaka 1838 George Airy, baada ya majaribio katika meli ya chuma iitwayo Rainbow, alionyesha kwamba nguvu za chuma cha meli zaweza kukabiliwa kwa sumaku na vipande vya chuma vilivyowekwa kando ya dira. Basi kosa hili hutibika. Masalio yake hupatikana kwa kuigeuza meli pande zote na kulinganisha dira na alama zijulikanazo, kisha huandikwa katika jedwali.

Sasa msomaji ataona hatari. Mwanafunzi akiambiwa tu kwamba kosa la dira huondolewa kwa sumaku ndogo, atadhani kwamba baada ya sumaku hizo kupangwa hana haja ya kuitazama ramani. Kosa la digrii 5 katika mwendo wa maili 60 humtoa nahodha njiani kwa maili 5 na zaidi. Na penye miamba maili 5 ni nyingi mno. Mwezi Januari 1854 meli ya chuma Tayleur, iliyotoka Liverpool kwenda Melbourne, iligonga mwamba katika kisiwa cha Lambay karibu na Dublin, na watu zaidi ya 300 wakafa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba dira zake hazikupatana.

La tatu ni kuinama kwa sindano. Robert Norman, fundi wa dira wa London, alilieleza jambo hili katika kitabu mwaka 1581: sindano iliyosawazishwa vema kabla ya kutiwa usumaku huinamisha ncha moja baada ya kutiwa. Kaskazini ya ikweta ya sumaku huinama ncha ya kaskazini. Kusini yake huinama ncha ya kusini. Mtengenezaji hutia uzito mdogo upande wa pili ili kuisawazisha. Kwa wasomaji wetu jambo hili si la mbali: pwani ya Tanzania iko kusini ya ikweta hiyo, na dira ya mkononi iliyosawazishwa kwa Ulaya huku kwetu huweza kuinama hata sindano ikakwaruza. Rasimu imelitaja jambo hili kwa maneno yale yale ya "kosa la dira".

La nne hutokea chombo kinapolala upande. Hapa mfasiri amechanganya mambo mawili. Bakuli la dira hutundikwa katika pete mbili, moja ndani ya nyingine, ili libaki sawa chombo kinapoyumba. Lakini pete hizo hulisawazisha bakuli tu. Hazikisawazishi chuma cha meli, ambacho hupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, kikaivuta sindano. Dawa ya hilo ni sumaku iliyosimamishwa wima chini ya dira, nayo huhitaji kurekebishwa meli ikisafiri mbali kaskazini au kusini.

Yako maneno mengine mawili ya kusahihishwa. "Chuma laini" ni tafsiri ya neno kwa neno inayopotosha, kwani ulaini unaokusudiwa si wa kushikwa kwa mkono. Ni chuma kinachopata usumaku upesi na kuuacha upesi. Twapendekeza "chuma kisichohifadhi usumaku", na kinyume chake "chuma kihifadhi usumaku". Aidha, mfasiri asema kwamba umajimaji ndani ya bakuli "huilowesha" sindano. Hapa ameponzwa na neno la Kiingereza lenye maana mbili, unyevu na utulizaji. Kwa kuwa umajimaji kweli umo, kosa halionekani. Lakini kazi yake ni kutuliza mtikisiko.

Kuhusu yale makosa manne, twapendekeza "mchepuko wa dunia" kwa la kwanza na "mchepuko wa chombo" kwa la pili, ili jina lenyewe limwonyeshe mwanafunzi chanzo cha kosa na mahali pa kutafuta dawa: katika ramani au katika jedwali. La tatu liitwe "mwinamo wa sindano". Kwa la nne tulifikiria "kosa la mlalo", tukaliacha, kwa sababu walimu wa hesabu tayari wanalitumia neno mlalo kwa kinyume cha wima. Afadhali "kosa la chombo kulala", ingawa ni refu.

Huenda wengine wakasema kwamba istilahi nne ni mzigo kwa mwanafunzi. Sisi twaona kwamba mzigo ulio mzito zaidi ni istilahi moja inayobeba maana nne. Tunawaomba wasomaji, hasa manahodha na walimu wa fizikia, wayapime mapendekezo haya na kutuletea yaliyo bora, kabla rasimu haijapigwa chapa.